Betri Mbili na Gari la Mikate

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha trafiki nilikabidhiwa vitu vinne: ubao wa kubania karatasi, penseli, futi kamba ya mita thelathini na kipande cha chaki. Kofia nyeupe sikupewa. Niliambiwa zimekwisha, nivumilie, na nikavumilia miezi saba nikiongoza magari kwa kofia ya marehemu baba iliyonishuka hadi kwenye nyusi. Ninyi vijana mnaoingia kazini leo na simu zenye kamera tatu, najua mnacheka. Chekeni tu. Lakini mkimaliza kucheka, someni, maana nataka kuwaeleza jinsi kadude kamoja ka kuchorea kalivyoniondolea tepe begani na kukaribia kumwondolea mtu asiye na kosa kazi yake.

Mimi ni binti wa kambi ya polisi. Baba alikuwa konstebo, Mwislamu kutoka kaskazini. Mama alikuwa Mkatoliki wa huko huko, na katika chumba chetu kimoja tulifunga Ramadhani tukafunga na Kwaresima, kwa hiyo njaa msinifundishe. Kampala nje ya lango ilisema Luganda. Sisi ndani tulisema Kiswahili: tuliamrishwa nacho, tukatukanana nacho, tukaombana chumvi nacho. Ndiyo sababu naandika kwacho hadi leo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sajenti Obura, mtu mfupi asiyependa maneno mengi. Kazi yenyewe ilikuwa kuchora ajali. Magari yakigongana, kabla ya mtu yeyote kuyasogeza, polisi wa trafiki hufika na kuchora mahali pote palivyo, ili hakimu aliyekaa mbali aone kama alikuwepo. Kwanza unatafuta alama ya kudumu, yaani kitu ambacho kesho hakitahama: mlingoti wa umeme, kalvati, kona ya nyumba. Kutoka kwenye alama hiyo unapima hadi kila gurudumu, hadi vioo vilivyomwagika, hadi mstari wa breki. Kila kipimo unakiandika papo hapo kando ya mstari wake. Kisha unaweka mshale wa kaskazini na sahihi yako.

Ajali yangu ya kwanza ilikuwa lori na ng'ombe. Nilijitahidi, jamani. Nilimchora ng'ombe akiwa na pembe, mkia na chuchu zote nne. Sajenti Obura aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama huyo ng'ombe anashtakiwa kwa maziwa. Akanieleza kwamba gari ni sanduku, ng'ombe ni duara, mtu aliyesimama ni nukta na aliyelala ni msalaba. Akamalizia na neno ambalo natamani ningelishika: "Konstebo, mchoro bila vipimo ni katuni."

Nilichora masanduku na maduara miaka mingi. Nilipandishwa cheo hadi koplo, nikahamishwa kituo, na huko ndiko nilikomkuta Inspekta. Jina lake sitalitaja, kwa sababu alikuwa mtu mwema na bado yu hai. Alikuwa ametoka kozi ng'ambo, shati lake halikunjamani hata saa kumi jioni, na mfukoni alikuwa na kitu tulichokiona kwa mara ya kwanza: daftari la umeme la kushika mkononi. Zamani hizo simu za kiganjani zilikuwa za wakubwa tu, kwa hiyo tulisongamana mlangoni kama watoto. Lilikuwa dogo la kuenea kiganjani, kioo chake cha rangi ya majani yaliyokauka, na kalamu yake haikuwa na wino. Ndani yake kulikuwa na kalenda, anwani, kikokotoo, na mahali pa kuchorea. Inspekta alilipa jina refu la Kiingereza. Sisi tuliliita kadude.

"Koplo Akello," aliniambia, "wewe una mkono mzuri. Kuanzia leo, karatasi basi. Nataka Kamanda aone tunavyoweza."

Sehemu ya kuchorea ilikuwa rahisi mno. Ulikuwa na penseli ya unene wa aina tatu, nyembamba, nene na nene zaidi, pamoja na kifutio, na kitufe cha kufuta ukurasa mzima ambacho kwanza kilikuuliza kama una hakika. Hapakuwa na rula. Mstari ulinyooka kadiri mkono wako ulivyonyooka, na hata ukinyooka, kioo kiliukata vipande vidogo kama ngazi. Nilipojaribu kuchora kiplefti, Inspekta aliniuliza kwa upole kama lile ni yai. Jua la mchana likikipiga kioo, huoni barabara wala gari, unaona uso wako mwenyewe umekunja ndita. Ikabidi nitembee na mwavuli, mimi askari mzima, kiangazi.

Na watu nao. Zamani nikichora kwenye karatasi hakuna aliyenijali. Sasa kila ajali ilileta kijiji. Mama mmoja mchoma mahindi alikataa kuondoa sigiri yake barabarani mpaka nimchore na sigiri, na nilipomchora kama nukta, kwa sheria za Sajenti Obura, alikasirika sana akasema yeye si mdogo hivyo. Nikamwongeza unene. Mchoro ule ulifika kortini ukiwa na nukta moja kubwa kuliko basi.

Lakini nilikapenda kale kadude, siwafichi. Hakakuwa na karatasi za kulowa wala penseli za kuchonga. Ukikosea, unafuta, hakuna hata vumbi. Ajali sita zinakaa mfukoni. Nilianza kuringa, nikawaambia wenzangu kwamba wao ni watu wa enzi ya mkaa. Majivuno ni mabaya, lakini yana raha yake.

Sasa tufike kwenye gari la mikate.

Ilikuwa Kyebando, kwenye kona nyembamba mbele ya saluni ya kinyozi mmoja. Gari la kusambaza mikate lililoendeshwa na kijana aitwaye Wasswa lilikuwa limegongana uso kwa uso na gari dogo la mwalimu mkuu mstaafu, mzee aliyeheshimiwa mtaa mzima. Hakuna aliyeumia, isipokuwa mikate. Mwalimu Mkuu alisema Wasswa alivuka akaja upande wake. Wasswa alirudia jambo moja tu: "Afande, mimi nilikuwa upande yangu." Mwenye kiwanda cha mikate alikuwa ameshafika, naye akatamka mbele ya wote kwamba dereva akipatikana na hatia, leseni ikizuiwa, asirudi kazini. Wasswa alikuwa na watoto watatu na mke mwenye mimba ya wa nne. Nilijua kwa sababu alinieleza mara mbili.

Nilifungua mwavuli, nikachagua mlingoti wa umeme kuwa alama ya kudumu, nikapima. Kila kipimo nilikiandika kwenye kioo kwa herufi za kuparaza, kila moja mkwaruzo mmoja, ambazo ndizo mashine ilizielewa. Nikauhifadhi mchoro kwa jina "Mikate". Magari yakaondolewa, na saa ile ile mvua ikanyesha, ikachukua vioo vyote na alama za breki ikazipeleka mferejini. Mimi nilirudi kituoni nimetulia. Kila kitu kilikuwa ndani ya kadude, na kadude kalikuwa ndani ya mtoto wa meza.

Jumamosi timu ya taifa ilikuwa inacheza. Redio ya kituo ilikata pumzi dakika ya ishirini, na Koplo Okot, mwenzangu, mtu ninayempenda lakini siku ile Mungu anisamehe, alikumbuka kwamba kale kadude kanatumia betri mbili nyembamba, za saizi ile ile. Akazitoa, akasikiliza mpira hadi mwisho, akazirudisha kwa uangalifu mkubwa. Hata alikifuta kioo kwa leso. Kitu ambacho Okot hakukijua, na ambacho Inspekta alitueleza baadaye, ni kwamba mashine zile zilikumbuka kwa betri. Ukizitoa zaidi ya dakika moja, kila kitu kinafutika.

Jumatatu nilipoiwasha ilinikaribisha kama mgeni. Iliniomba niseme leo ni tarehe ngapi.

Inspekta aliketi. Alikuwa ameshamwandikia Kamanda kwamba majaribio yanaendelea vizuri, na kesi ya Wasswa ilikuwa inasikilizwa wiki ile ile. Alinitazama, akaniambia nichore upya. "Si unakumbuka, Koplo?"

Hapa ndipo nilipokosea, na sitamsukumia mtu mwingine. Ningesema sikumbuki. Wiki ile nilikuwa nimechora ajali nne, na kila moja ilikuwa na vioo mahali fulani. Lakini nilikuwa Koplo Akello mwenye mkono mzuri, mtu wa kisasa, niliyewacheka wenzangu. Nikachora. Mlingoti hapa, saluni pale, barabara katikati. Kwa kuwa penseli nyembamba haikuonekana vizuri, nilitumia ile nene, na kwa penseli nene sanduku la gari la mikate lilitoka kubwa likavuka mstari wa katikati. Vioo nikavimwaga katikati, nadhani. Vipimo sikuwa navyo hata kimoja.

Inspekta alisema vipimo si tatizo. Akachukua rula ya shule, akailaza juu ya kioo, akapiga hesabu kwamba kipande hiki ni mita mbili, basi kile ni mita tisa. Yaani vipimo vilitoka kwenye mchoro, badala ya mchoro kutoka kwenye vipimo. Niliona. Sikusema neno. Tulikwenda Wandegeya kwenye duka la kuchapisha, katikati ya wanafunzi wa chuo na tasnifu zao, tukaomba ile picha ikuzwe iwe ya ukurasa mzima. Ilitoka na vidoto vikubwa kama maharage. Chini yake nikatia sahihi.

Kortini hakimu alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Aliugeuza mchoro juu chini, akaurudisha, akauliza hizi ngazi ni za jengo gani. Nikamweleza kwamba ni mistari. Mwendesha mashtaka akaniongoza: gari la mikate limevuka mstari wa katikati? Nikasema katika mchoro limevuka. Nilimtazama Wasswa kizimbani. Nilitegemea ananichukia. Lakini yule kijana aliniamkia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayemwamini daktari wake.

"Koplo," hakimu akauliza, "huu uliuchora pale pale kwenye ajali?"

Swali lile ni la kawaida, huulizwa kila shahidi, na jibu lake ni ndiyo. Inspekta alikuwa nyuma, shati limenyooka. Nilijua nikisema hapana, tepe zinaondoka, na yeye ninamwaibisha. Nikisema ndiyo, Wasswa anaondoka.

"Hapana, Mheshimiwa. Nilichora wa kwanza pale, ukafutika. Huu niliuchora ofisini, kwa kukumbuka. Vipimo si vya barabara, ni vya rula."

Hakimu akataka kujua ulifutikaje. Nikaeleza yote, kadude, betri, redio, mpira. Koplo Okot, aliyekuwa mlangoni, alianza kurudi nyuma taratibu. Hakimu aliandika, akaandika, kisha akainua macho.

"Na nani alishinda?"

"Mheshimiwa, tulifungwa."

Badala ya kuahirisha kesi, yule mama aliamua twende sote tukaone barabara. Tulifika Kyebando na msafara: hakimu, karani wake, mwendesha mashtaka, Inspekta, Wasswa, Mwalimu Mkuu na nusu ya mtaa. Hakimu akaniamuru nichore ajali ile ile, kwa vipimo vile vile vilivyo kwenye karatasi yangu, lakini chini, juu ya lami, kwa ukubwa wake halisi. Chaki hakuna aliyekuja nayo. Ilitoka kwenye mfuko wa koti la Mwalimu Mkuu mwenyewe. Mtu amestaafu miaka minne, bado anatembea na chaki.

Nikapima mita tisa kutoka kwenye mlingoti kama karatasi ilivyosema. Nikavuka ukingo wa barabara. Nikavuka mfereji. Nikaendelea kuvuta futi kamba, watu wakinifuata, hadi gurudumu la nyuma la gari la mikate lilipofika ndani ya saluni, chini ya kiti cha kunyolea. Kinyozi alisimama na mashine yake mkononi. Akamwambia hakimu kwa adabu kwamba siku ile kwa hiki kiti kulikuwa na mteja, na gari haikuingia. Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mimi nilipiga magoti pale na chaki yangu, nikatamani sakafu inimeze.

Lakini hakimu hakucheka. Alikuwa bado barabarani, anaangalia chini. Akaniita, akaniuliza kitu hiki mbele yake ni nini, na kwa nini hakimo kwenye mchoro. Nikatazama. Lilikuwa shimo, pana la kuogea mtoto, upande aliokuwa akitokea Mwalimu Mkuu. Nikamjibu ukweli: sisi hatuchori mashimo. Hakuna amri iliyotukataza, ni mazoea tu, toka siku za Sajenti Obura. Tunachora kilichobadilika, na shimo la Kampala limekuwepo toka jana na kesho litakuwepo. Ukianza kuchora mashimo utahitaji karatasi ya ukubwa wa kitanda.

"Mwalimu," hakimu akamgeukia yule mzee, "siku ile shimo hili ulilipitaje?"

"Mheshimiwa, halipitiki. Nililikwepa. Nalikwepa kila siku."

"Kwa upande gani?"

"Wa kulia." Nchi yetu tunaendesha kushoto. Nilimwona yule mzee akilisikia jibu lake mwenyewe, akilisahihisha kichwani kama alivyosahihisha madaftari miaka yote ile, na akilikuta halina njia nyingine. Alivua miwani. "Basi ni mimi niliyekwenda upande wake," akasema. Akamwendea Wasswa, akampa mkono, akamwomba radhi mbele ya wanafunzi wake wa zamani waliojaa pale. Nimeona wakubwa wengi katika kazi yangu. Wa namna ile sikuona wengi.

Kesi ikafutwa. Mimi na Inspekta tukaitwa kwa Kamanda. Nilikuwa nimejiandaa kubeba mzigo peke yangu, lakini Inspekta alisimama wima akasema amri ya kuchora upya ilikuwa yake na rula ilikuwa yake. Kamanda akamjibu kwamba sahihi ilikuwa yangu. Inspekta alipelekwa ghala la sare, ambako, nasikia, kwa mara ya kwanza kofia nyeupe zilitosha kila mtu. Mimi nilivuliwa tepe zote mbili, nikarudi konstebo, nikawekwa kwenye makutano ya karibu na soko la Owino kuongoza magari, malori ya mitumba, mikokoteni na wabeba mizigo wasiotambua mkono wa serikali. Ilinichukua miaka kupanda tena, na nilistaafu nikiwa sajenti. Okot alininunulia soda, akaniambia tuachane na hayo. Nilikunywa soda, lakini kuachana na hayo nilikataa.

Pale Owino ndipo Wasswa aliponipata. Alisimamisha gari la mikate katikati ya makutano, akanyoosha mkate kupitia dirishani. Nilifoka. Nikamwambia polisi hali mkate wa kesi yake, na kwamba anazuia njia. Hakubishana. Akasema sawa afande, atangoja nitoke kazini kabisa. Nilidhani ni mzaha wa dereva. Lakini miaka yote iliyofuata, kila tulipokutana barabarani, alishusha kioo akauliza, "Bado, afande?" nami nikamjibu, "Bado," nikampungia apite. Askari wapya waliotusikia walidhani ni mambo ya mapenzi. Sikujisumbua kuwaeleza.

Siku hizi nikiona vijana wanapiga picha ajali mara tatu na kuondoka, sina neno. Picha inaona hata mashimo. Ila niwaambie, wanangu, kale kadude hakakusema uongo hata siku moja. Kalisahau tu, na kusahau si dhambi. Aliyesema anakumbuka ni mimi. Kwa hiyo, kabla hujaweka sahihi, jiulize kama ulikuwepo, na kama hukupima, sema hukupima. Tepe zinarudi. Nimeona mwenyewe zikirudi.

Nilistaafu siku ya Ijumaa. Jumatatu asubuhi nilikuwa nafagia mbele ya nyumba yangu hapa Kyebando, na khanga kiunoni, nikasikia gari likisimama. Wasswa alishuka, nywele zimeanza mvi. Aliniuliza kama nimeshatoka. Nikamwambia nimetoka. Akafungua mlango wa nyuma, akachagua, akaniletea mkate mmoja, bado una moto. Hakutaka niuweke ndani. Nikaumega pale pale nimeshika ufagio, na machozi yakanitoka, nikaacha yatoke. Alisimama akaningoja nimeze. Kisha akasema wateja wanamsubiri, akapanda gari lake, akaondoka polepole, upande wake wa barabara.